Huyu "mtabiri" wetu wa ufukweni Lindi, leo kaniuliza MIMI kama ni abiria!

Wakuu, nimetoka majini sasa hivi, nguo hazijakauka, natetemeka hadi herufi zinapishana. Watu wa Lindi mnamjua, sitaji jina. Yule wa simu mbili na kofia ya kijani, aliyejipa ukurugenzi wa hali ya hewa bila kuteuliwa na mtu.

Saa kumi na moja alfajiri namuuliza kwa adabu zote, "Shehe, nje kukoje?" Akapekuapekua simu kama anachambua mchele. "Bahari imelala kama maziwa. Ishirini tu."

Ishirini ya nini? Kilomita? Mayai? Kumbe programu yake inahesabu upepo kwa noti, kile kipimo cha kasi cha baharini! Noti 20 ni kama kilomita 37 kwa saa, na huu mwezi wa saba, Kusi, ule upepo wa kusini, liko kwao.

Kwenda hakukuwa na neno. Kurudi sasa. Saa kumi na moja na nusu jioni, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwandamo, yameshageuka, yanapwa, yanatoka kwenye ghuba, na upepo wa nje unayasukuma yarudi ndani. Mawimbi yamepangana kama magunia ya korosho ghalani. Vijana wangu wanakumba maji, mmoja kwa ndoo ya rangi, mwingine kwa sufuria ya ugali. Wa sufuria alisoma dua zote anazozijua, hadi ya kula. Jarife, wavu wangu mkubwa, nimelikata, limebaki huko.

Hayo nasamehe. Nafika mnadani nimelowa chapachapa, mbele ya dalali, wachuuzi na mama mkwe wangu aliyefuata vibua. Mtabiri kakaa juu ya ndoo anatafuna muhogo. Kanitazama juu mpaka chini, kwa sauti: "Kwani wewe ni nahodha au abiria?"

ABIRIA! Miaka 19 majini! Dalali kacheka. Mama mkwe kacheka. Paka wa mnadani naye nahisi kacheka. Abiria! Na muhogo mdomoni!

Chuchunge_wa_Kitunda: Pole mkuu. Ila swali hujalijibu.

Bibi Ngisi: Kusi la mwezi wa saba, bamvua, wewe unarudi maji yanapwa? Marehemu babu hakuwa na simu, angekuambia rudi na maji yanayojaa. Taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni bure, kwa kilomita na mita, wewe unafuata kofia.

Uzi wa jarife (mwenye mada): Bibi, hoja siyo maji. Hoja ni ABIRIA. Mbele ya mkwe!

Kibua Mkavu: Na mkisikia mawimbi mita 2 msidhani ndiyo mwisho. Huo ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi iliyo makubwa zaidi, moja moja linaweza kukaribia mara mbili yake. Nilishasema humu.

Chuchunge_wa_Kitunda: Twisheni imeanza.

Mkorosho Mkongwe: Huyohuyo Mei 2024 kimbunga Hidaya kinakuja alituambia "manyunyu". Nikapanda basi la Dar. Barabara ikakatika Somanga, nikalala kwenye siti magoti yamegusa kidevu.

Pweza Hana Mfupa: Usinikumbushe Somanga! Yai la kuchemsha niliuziwa bei ya kuku.

Mkorosho Mkongwe: Wewe ulipata yai?

Uzi wa jarife (mwenye mada): Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu aniombe radhi palepale, mama mkwe akiwepo.

Pweza Hana Mfupa: Mkuu abiria, subiri kidogo. Mkorosho, lile yai halikuwa hata na chumvi. Nikauliza chumvi, nikaambiwa iko Dar.

Bibi Ngisi: Bora nyie mlikuwa njiani. Mimi nilikuwa Dar na kapu la pweza linalorudi Lindi, barafu imeyeyuka siku ya pili. Majirani walinihamisha kibaraza.

Kibua Mkavu: Sasa pweza anatoka Dar kurudi Lindi kufanya nini?

Bibi Ngisi: Mnunuzi kamkataa. Naye mnamjua, sitaji jina.