HP ya eks-UK hapa Kisumu: nitajuaje kama inakubali NVMe kabla sijatupa pesa?

Saiba_Kondele
Wadau habarini. Niko na kasaiba kadogo hapa Kondele, mashine nne tu, na hii moja ya kaunta ndiyo inanimaliza. Ukiiwasha asubuhi unatoka unaenda kwa mama wa chai pale nje, unakunywa, unarudi, bado kale kaduara ka Windows kanazunguka. Nilipima na simu, dakika nne na sekunde kumi. Sasa fikiria wiki ya mwisho ya Juni watu wamejaa mlangoni wanataka kufailiwa ritani za kodi za KRA na mimi kazi ni kusema "ngoja kidogo mzee inafunguka".

Jana nikapita duka fulani tao, nikaonyeshwa diski ndogo kama kipande cha bablugamu, NVMe ya 256 GB, jamaa akasema inaingia HP yoyote. Yoyote! Hapo ndio nikashtuka nikarudisha pesa mfukoni. Yangu ni HP ile nyembamba ya eks-UK, i5, ramu 8 GB, stika ya mbele ilibanduka zamani. Nitajuaje kama inakubali? Naogopa kuifungua, nikishindwa kuirudisha nimefunga kazi.

Fundi_S58
Pole kaka, usinunue bado. Kusema "HP" ni kama kuenda kununua tairi useme gari yako ni Toyota. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, enta. Tafuta mstari wa System Model, wa BaseBoard Product na wa Processor, halafu utuandikie hapa vile iko, nambari yote.

Saiba_Kondele
Model ni HP EliteDesk 800 G1 SFF. Prosesa i5-4590. Lakini hiyo ya BaseBoard imeandikwa 1998!! Kwani niliuziwa mashine ya 1998?

Omera_Nyalenda
😂😂😂 omera hiyo ilisombwa na mafuriko ya El Niño, ndio maana inaamka pole pole

Fundi_S58
Acheni kumtisha mtu wa biashara. 1998 ni nambari tu ya bodi, ndivyo HP walivyoiita bodi ya 800 G1. i5-4590 ni ya 2014, na hiyo 4 ya mwanzo inakuambia ni jenereshini ya nne.

Sasa jibu lako liko hapo tayari. Bodi ya 800 G1 SFF haina sloti ya M.2, yaani ile nafasi ndogo ya kuchomeka diski kama hiyo, kwa hivyo hiyo NVMe haina pa kukaa. 800 G2, yenye prosesa za jenereshini ya sita, ndiyo ilikuja nayo. Upande wa Dell, OptiPlex 7050 iko nayo, 7010 ya 2012 haina. Lakini hapo chunga sana juu Dell walirudia jina hilo hilo la 7010 mwaka 2023, na hiyo ni mashine tofauti kabisa, kwa hivyo mtu akikuambia "ni 7010" muulize prosesa gani.

Shinyalu_Video
Fundi unamkatisha tamaa bure. Si kuna adapta ya PCIe, unachomeka kwa ile sloti ndefu ya kadi ya picha, NVMe inakaa juu yake. Mimi niko na G1 kama hiyo na imefanya mwaka wa pili sasa bila shida.

Fundi_S58
Windows yako inabuti kutoka kwa hiyo NVMe?

Shinyalu_Video
Hapana, Windows iko kwa SSD ya kawaida, ile diski ya chipu ya kuunganisha na waya. NVMe ni diski D, naweka video za harusi.

Fundi_S58
Basi umejijibu. BIOS ya hizo G1, ile programu ya bodi inayoamsha mashine kabla ya Windows, haijui kubuti kutoka NVMe. Windows ikishaamka ndio inaiona na inafanya kazi vizuri, ila kuamka kwenyewe lazima itoke kwa diski nyingine. Kuna wanaoponyokea kwa Clover, kaprogramu ka kuamshia mashine kanakowekwa kwenye flashi, mimi hiyo siweki kwa mashine ya kazi, siku mtu akichomoa flashi akidhani ni yake umekwama na laini ya watu iko nje.

Mwalimu_Webuye
Hata mwenye sloti asikimbie kufurahi. Mimi nilifungua mashine yangu nikaona kasloti kadogo nikasema asante Mungu, nikaenda nikanunua NVMe, kumbe hiyo sloti ni ya kadi ya WiFi. Nilikuja kupima na rula ya darasani: kutoka mdomo wa sloti hadi tundu la skrubu ni sentimita tatu, na diski ni sentimita nane. Hata ile nafasi iliyokatwa kwa meno yake haikulingana. Hizo nambari za 2280 na 2230 ni vipimo tu, upana milimita 22, halafu urefu 80 ama 30. Na kuna sloti zingine diski inaingia vizuri kabisa lakini bodi inasoma M.2 ya SATA peke yake, ile njia ya zamani ya diski, NVMe haionekani kwa BIOS. Soma manyuo ya modeli yako kwanza. Duka lilikataa kurudisha pesa, bado niko nayo kwa droo.

Saiba_Kondele
Aki mwalimu pole. Kwa hivyo mimi ndio basi?

Fundi_S58
Basi ya nini? Chukua SSD ya SATA ya inchi 2.5. Ndiyo, hiyo mwisho wake ni kama 550 MB kwa sekunde na NVMe nzuri ya Gen 3 inafika 3,500, lakini shida yako si hiyo. HDD yako, hiyo diski ya zamani ya kuzunguka, ina sindano inayokimbia huku na huku kuokota vifaili vidogo vidogo maelfu kila ukiwasha, hapo ndipo dakika nne zinaishia. SSD yoyote haina sindano. Kwa kaunta ya saiba tofauti ya SATA na NVMe hutaisikia.

Tena usiweke pesa nyingi kwa G1. Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya jenereshini ya nne na Windows 10 ilifungiwa sapoti Oktoba 2025. SSD utahama nayo ukipata mashine mpya.

Saiba_Kondele
Na Windows nitahamisha aje? HDD ni 500 GB.

Fundi_S58
Clonezilla, ile programu ya kunakili diski nzima, itakusumbua juu SSD ni ndogo kuliko hiyo ya zamani. Weka Windows upya, leseni imeshikana na bodi, ukiingia intaneti inajiamsha yenyewe. Chomeka SSD kwa ile imeandikwa SATA0.

Saiba_Kondele
Marejesho wadau. Jumapili nilifunga duka nikaifungua. Buibui alikuwa amejenga kwa feni, vumbi ya Kondele yote iko ndani. SSD ni ndogo kuliko kitanda cha HDD nikaishika na selotepu ya pande mbili. Sekunde ishirini na tatu! Leo nimeiwasha nikaamka kuenda chai, sijafika mlangoni inaniomba paswadi. Erokamano Fundi.

Omera_Nyalenda
Hiyo HDD unaachilia na ngapi? Niko na soo tano

Fundi_S58
Kondele usiuze hiyo diski hivyo. Iko na PIN za KRA na picha za vitambulisho vya watu wa mtaa mzima.

Saiba_Kondele
Weh. Hata sikuwa nimefikiria. Omera pole, inakaa kwa kabati.