Uligongwa, bima ya aliyekugonga ikaishia njiani? Tupeane uzoefu

Wakuu, heshima kwenu. Niko Houston, Texas. Naanza na yangu, nanyi mwageni zenu.

Natoka shifti ya usiku, pikapu ikapita taa nyekundu ikanivaa ubavuni. Dogo akashuka anatetemeka, kadi ya bima mkononi. Nikasema alhamdulillah, ana bima.

Kumbe ana kile kima cha chini cha Texas, wenyewe wanaita 30/60/25: dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali hiyo, 25,000 kwa mali. Mimi nyonga ilivunjika. Bili ya hospitali peke yake ilizipita hizo 30,000, daktari wa upasuaji na ambulensi bado. Halafu huku hospitali ikikulaza ndani ya saa 72 baada ya ajali, inaweza kuandikisha dai lake juu ya fidia yako. Hela haijafika, mwenyewe keshakaa mlangoni.

Kumshtaki dogo? Hana nyumba, na Texas mshahara haukatwi kwa deni la namna hiyo.

Kinachoniuma ni bima yangu mwenyewe. Sheria inaitaka kampuni ikupe PIP, inayokutibu bila kujali nani mkosa, na ile ya kukufidia ukigongwa na mwenye bima pungufu. Ukizikataa, unakataa kwa maandishi. Nilizikataa zote mbili kwenye simu, nasubiri basi, ili malipo ya mwezi yashuke. Saini ninayo hadi leo, ya kidole, kama kuku kakanyaga wino.

MamaNuru_Tampa: Pole kaka. Florida ndiyo kichekesho. Gari la kawaida linalazimishwa PIP ya 10,000 na mali 10,000, basi. Ya kulipia watu unaowaumiza, wengi hawalazimiki. Na hiyo PIP usipomwona daktari ndani ya siku 14 imekula kwako. Mie nilijitia ngangari, najichua shingo tu. Nikaenda siku ya 17.

Wa_Nakuru: Kenya kampuni inabanwa na sheria hadi shilingi milioni 3 kwa mtu mmoja, inayozidi umfuate mwenye gari. Ndugu yangu aligongwa na matatu, akashinda kortini. Kufika kulipwa, kampuni yenyewe imefilisika.

Kijana wa Mbagala: Bongo tuna bima ndogo, ile ya kuwalipa unaowagonga tu, stika unayo, roho kwatu. Binamu yangu fundi cherehani alivunjwa mguu, ule wa kukanyagia. Bima wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ramani ya trafiki, na hukumu ya kesi. Kesi ikaahirishwa mpaka akazoea kukanyagia wa kushoto.

Wa_Nakuru: Mwanzisha uzi, wakili alikula ngapi?

Theluthi, mkuu. Ila aliwabana hospitali wakashusha dai lao. Kilichobaki kilinunua Corolla ya 2009. Hiyo nimeikatia PIP.