Wajukuu wa Bi Thuwaiba: safari ya Nizwa kwa baiskeli

Jumapili

Da Rahma 20:04
Asalaam aleikum nyote. Narudia kwa wale wanaosoma na kunyamaza: safari ya Nizwa, Oman, IPO. Tunatua Muscat Alhamisi 10 Disemba, tunaondoka Jumatatu. Nataka majina leo, si kesho. Amana laki moja ya gari na malazi.

Da Rahma 20:05
Na wanaouliza "Nizwa kuna nini cha kufanya siku zote hizo", naandika hapa mara moja. Msinipigie simu mmoja mmoja.

Da Rahma 20:13
Ijumaa asubuhi mapema soko la mbuzi. Wenye wanyama wanazunguka nao kwenye duara, wanunuzi wamekaa wanatazama. Ukimpenda mbuzi unamkamata palepale, unamfunua midomo uone meno, bei inapigwa kelele juu ya vichwa vya watu. Ukija saa tatu unakuta mavi ya mbuzi na wanaofagia, watu wameshakwenda kujitayarisha na sala ya Ijumaa. Jioni Falaj Daris, ule mfereji wa maji wa kale, tunakaa ukingoni miguu ndani ya maji.

Da Rahma 20:19
Jumamosi ngome. Ule mnara wa duara aliujenga Imam Sultan bin Seif, yuleyule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Wanasema kazi ilichukua miaka 12. Ndani mnapanda ngazi nyembamba yenye kona na milango, na juu ya milango pana matundu. Adui akivunja mlango anamwagiwa asali ya tende inayochemka. Asali yenyewe inatoka humohumo: kuna chumba sakafu yake ina vijifereji, magunia ya tende yanarundikwa mpaka juu, uzito wake unajikamua wenyewe na asali inateremka kwenye mtungi. Mimi hicho chumba pekee kinanitosha kupanda ndege.

Mwanaidi 20:21
Asali ya moto kichwani 😂 hiyo tuiweke kwa wasiolipa amana

Hemed (Mombasa) 20:22
😂😂😂

Hemed (Mombasa) 20:24
Lakini dada, jangwa lenyewe mbona silioni? Soko, sala, ngome. Mimi nataka mchanga na ngamia.

Seif Muscat 20:31
Kaka, jangwa la Nizwa ni la mawe. Mlima mkavu nyuma, mitende chini, kati changarawe tupu. Mchanga unaoutaka uko Bidiya, Sharqiya, mwendo wa saa mbili kwa gari. Na mchangani baiskeli husogei, utaikokota tu kama punda aliyegoma.

Hemed (Mombasa) 20:32
Basi nipelekeni kwenye punda 😂

Da Rahma 20:33
Hemed unakuja au huji?

Da Rahma 20:47
Seif, eleza Bahla.

Seif Muscat 20:55
Bahla ni kama kilomita 40 kutoka Nizwa, barabara nzuri, Jumapili mnaweza. Ngome yake ya udongo iko kwenye orodha ya UNESCO tangu 1987. Ukuta unaozunguka mji na mashamba una urefu wa kilomita 12 hivi, ukiwa na baiskeli ndiyo unauona vizuri, kwenye gari unapita tu. Kuna wafinyanzi. Mbele kidogo Jabrin, jumba la Imam Bil'arab bin Sultan, kaburi lake liko ndani. Dari za mbao zimepakwa maua ya rangi mpaka shingo inauma kuzitazama.

Seif Muscat 20:56
Bahla pia wanasifika kwa mambo yale.

Mwanaidi 20:57
Mambo yepi?

Seif Muscat 20:57
Majini.

Mwanaidi 20:58
Basi upande wa Chake Chake watakuwa wamefika kwao 😂😂

Nassor Chake 20:58
Tuheshimiane.

Mwanaidi 20:59
Kumbe upo! Siku zote hizi umejificha

Hemed (Mombasa) 21:00
Ametokea alipotajwa jini 😂

Da Rahma 21:02
Jamani nauliza habari ya amana mnaniletea majini. Waliolipa mpaka sasa: mimi, Seif, Mama Nassor. Watatu! Kundi lina watu 31.

Mama Nassor 21:06
🤲

Seif Muscat 21:15
La muhimu kabla sijalala. Tyubu mbili za akiba kila mtu, kiraka, gundi na pampu. Migunga imejaa pembeni mwa barabara, miba yake inaanguka na inapita kwenye tairi kama tairi halipo. Ukitaka kupumzika kivulini, baiskeli ibebe begani, usiisukume mpaka chini ya mti. Maji chupa mbili za kwenye fremu hazitoshi hata Disemba, maana upepo ni mkavu na hutoki jasho la kuliona. Jazeni kila kituo cha mafuta, karibu vyote vina duka na msikiti.

Hemed (Mombasa) 21:18
Na ule mlima? Jabal Akhdar. Mimi hapo ndipo roho yangu ilipo. Chris Froome, yule bingwa wa baiskeli, aliwashinda wote pale 2014 kwenye mashindano ya Tour of Oman, na amezaliwa Nairobi, mtoto wa nyumbani kabisa.

Seif Muscat 21:22
Kile kipande cha mashindano ni kilomita 5.7, mpando wastani asilimia 10.5. Froome alikuwa na gari la timu nyuma yake, wewe utakuwa na nani? Barabara ya juu inaanzia Birkat al-Mauz, polisi wanakagua: gari isiyo 4x4 hairuhusiwi kupanda. Na kushuka ndiyo hatari zaidi, breki zinaungua. Disemba juu kuna baridi kali, na mawaridi yao ni ya machipuko, hamtayaona.

Hemed (Mombasa) 21:25
Mnanivunja moyo. Haya, nakuja, ila sibebi baiskeli, nitakodi hukohuko Muscat.

Mwanaidi 21:27
Bora ukodi. Ya kuazima tunajua huwa inaishia wapi.

Hemed (Mombasa) 21:28
Limeanza.

Mwanaidi 21:29
Sijamtaja mtu.

Hemed (Mombasa) 21:31
Raleigh ya Babu mtanisimanga nayo mpaka lini? Harusini nimesimangwa. Kwenye hitima nimesimangwa. Sasa na Nizwa?

Nassor Chake 21:33
Ile baiskeli alikuwa ameniahidi mimi. Mbele ya watu. Na kengele yake ninayo mpaka leo, iliyobaki nimesikia iko Mtwapa inabeba mikate.

Hemed (Mombasa) 21:34
Nani kakwambia Mtwapa?

Nassor Chake 21:34
Waulize waliokwenda na wewe.

Da Rahma 21:36
Jamani.

Mwanaidi 21:37
Mimi nilikuwa natania tu

Hemed (Mombasa) 21:38
*Ujumbe huu umefutwa*

Da Rahma 21:40
Basi. Wenye la kusema kuhusu Nizwa waseme. Wengine walale.

Jumatatu

Ami Suleiman 05:52
Asalaam aleikum wanangu. Nimesoma tangu juu. Baiskeli ya baba niliitoa mimi. Hemed amenyamaza miaka yote kwa sababu mimi nilimwambia anyamaze. Lisirudiwe, si hapa wala nje ya hapa.

Ami Suleiman 06:01
La pili. Mtoto wa nyumba hii hafiki Nizwa akaenda kutazama mbuzi kabla hajapita Birkat al-Mauz kumsalimia shangazi yangu Bi Zayana. Kwa upande wa baba amebaki yeye peke yake. Macho hayaoni tena lakini masikio yapo. Mkiingia kila mmoja ataje jina lake na la baba yake, na asubiri, asifanye haraka kukaa. Atawashika mikono.

Seif Muscat 09:40
Labeka Ami. Tumesikia.

Mama Nassor 09:44
Ahsante kaka. Mungu akupe umri.

Mwanaidi 10:12
Sawa Ami. Hemed nisamehe.

Nassor Chake 12:30
Sawa Ami.

Da Rahma 13:05
Ami shikamoo. Tumepokea, na ni kosa kwamba halikuwemo kwenye mpango. Ninaupanga upya.

Da Rahma 13:17
Haya. Alhamisi tukitoka uwanja wa ndege tunakwenda moja kwa moja Birkat al-Mauz kwa gari, baiskeli nyuma. Tunamsalimia Bi Zayana. Kisha tunaziteremsha na kuingia Nizwa kwa pedali, ni kilomita ishirini na kitu.

Seif Muscat 13:30
Da Rahma, jua linazama saa kumi na moja na nusu hivi. Ndege yenu, forodha, njiani saa moja na kitu, halafu kwa Bi Zayana unafikiri utakunywa kahawa ukainuka? Ataleta halua, ataleta chakula, atauliza habari za watu waliokufa zamani. Mtatoka usiku. Barabara ile usiku ina malori na mimi sitakubali mtu apande baiskeli.

Da Rahma 13:33
Basi tulale kwake.

Seif Muscat 13:35
Mkilala, soko la mbuzi mmelikosa, labda muondoke gizani.

Hemed (Mombasa) 13:50
Soko si lazima. Mimi niko tayari kukaa kwa Bi Zayana siku nzima ya Ijumaa. Kuna falaj hapo pia, Al-Khatmeen, maji yanagawanywa mifereji mitatu sawasawa, tunaweza kuzunguka mashambani kwa baiskeli polepole. Na nyumba kuukuu za udongo ziko pale juu ya mitende.

Mwanaidi 13:54
Hemed umesoma lini haya yote?

Hemed (Mombasa) 13:55
Usiku sikulala.

Da Rahma 14:02
Lakini soko ni Ijumaa TU kwa ukubwa ule. Nimewaahidi watoto. Kingine ni kusogeza kila kitu: tufike Jumatano 9, tulale Birkat al-Mauz, Alhamisi tuingie Nizwa mchana kwa baiskeli bila haraka, Ijumaa soko. Nani ana likizo Jumatano?

Da Rahma 15:20
Nani ana likizo Jumatano?

Nassor Chake 16:41
Mimi sina.

Dija Leicester 16:58
Jamani ndio nasoma sasa. Mimi tiketi nimeshakata ya Alhamisi 🙈 Dada ulisema Alhamisi

Da Rahma 17:03
Nilisema, ndiyo. Ami, tunaomba kauli yako: kusalimia kunatosha Alhamisi jioni, au ni lazima kulala?

Mwanaidi 17:20
Na mavazi je? Mimi baibui na mnyororo haviendani, nilishachaniwa moja Bububu.

Da Rahma 17:26
Suruali pana na kanzu fupi juu, mtandio uliofungwa vizuri, na mguu wa upande wa mnyororo funga kwa mpira. Wanaume vibukta vya kubana mviache kwenye begi, hamuingii navyo kwa Bi Zayana, wala sokoni, wala ngomeni. Baibui tunabeba za kubadili tukifika mlangoni.

Mama Nassor 17:40
Na zawadi? Mtu haendi mikono mitupu. Karafuu mpya za Pemba, Nassor atazileta. Na mdalasini. Yeye akisikia harufu atajua zimetoka wapi kabla hamjasema.

Nassor Chake 17:44
Nitaleta kilo mbili. Na kengele nitaibeba pia. Hemed akitaka aifunge kwenye hiyo ya kukodi.

Hemed (Mombasa) 17:52
Ilete.

Da Rahma 18:30
Ami bado hajajibu?

Mama Nassor 18:38
Jumatatu huwa darasani msikitini. Simu anaiacha nyumbani. Usimkimbize, ameshasema la kusema.

Seif Muscat 19:05
Kuhusu gari: pikapu ya jirani nimeipata lakini inabeba baiskeli sita. Mlioahidi mmefika wanane. Wawili wakodi huku au tutafute gari la pili, na la pili lina bei.

Da Rahma 19:08
Hemed anakodi, ameshasema. Nani mwingine?

Da Rahma 19:31
Nani mwingine anakodi? Amana tatu zimekuwa tano, namshukuru Hemed na Mwanaidi. Bila ya wengine siwezi kumthibitishia mwenye nyumba ya Nizwa, na amenishikia mpaka Alhamisi hii tu.

Dija Leicester 19:50
Mimi ninaweza kukodi lakini nataka ndogo, miguu yangu haifiki kwenye baiskeli za wanaume. Seif unaweza kuniulizia kimo cha fremu?

Seif Muscat 19:52
Nitapita dukani kesho baada ya kazi. Niandikie urefu wako.