Wakuu, monita ya inchi 32 imekuja, mashine inalia. Naomba ushauri kabla sijashuka Kariakoo

Kijana_wa_Tabata: Habari za majukumu wakuu. Jirani wa bro kule Msasani alikuwa anahama, kaniachia monita ya inchi 32, 4K (ile picha kali sana), kwa bei ya kutupa. Nimekuja nayo kwenye bajaji nimeikumbatia kama mtoto mgonjwa. Mashine yangu ni kompyuta ya Dell OptiPlex 7040 ile ya mnara, prosesa ya Intel i5-6500, RAM GB 16, kadi ya picha ni GTX 1650 ya GB 4. Kwenye kioo cha zamani cha 1080p (HD ya kawaida), gemu za EA FC na GTA V zilikuwa zinateleza. Sasa hivi hata mshale wa mausi unaburuzika, gemu ndiyo usiseme. Nina laki sita. Muuzaji mmoja Kariakoo anasema nichukue kadi yake kubwa zaidi iliyokwishatumika, RTX 3060, nachomeka nacheza. Nibebe?

MzeeWaVyuma: Hela ikae mfukoni kwanza. Fungua ubavu usome kibandiko cha pawa saplai. Mimi niliyokuwa nayo ya aina hiyo iliandikwa 240W. RTX 3060 peke yake inakula 170W, na NVIDIA, wenye kadi hizo, wanashauri pawa saplai ya 550W. Halafu plagi ya Dell hizo si ya pini 24 kama za kawaida, kwa hiyo usidhani utanunua nyingine barabarani uipachike. Hiyo 1650 inaishi humo kwa sababu inaridhika na 75W za kwenye sloti inapochomekwa. Huyo muuzaji alikuuliza mashine gani?

Kijana_wa_Tabata: Hakuuliza mkuu. Na kibandiko kweli 240W.

Shombo_la_Feri: Laki sita na 4K? Cheza bao 😂

Binti_Fundi: Mwacheni kaka wa watu. Hesabu iko hivi: 1080p ni pikseli (nukta za picha) milioni 2 na ushee, 4K ni milioni 8.3, mara nne kamili. Kadi yako haijaharibika, imebebeshwa mzigo wa watu wanne. Ila gemu unaweza kuliacha kwenye 1080p na Windows ikabaki 4K, maana pikseli moja inatandazwa kwenye nne bila kubaki kipande. Ukija kujipanga na mashine nyingine lenga kadi ya 1440p, ile ya katikati ya hizo mbili, 4K ya gemu nzito ina wenyewe.

Lakini kuna kitu hakinikai. Mshale kuburuzika ukiwa hujafungua gemu? Hiyo 1650 inaimudu huku imelala. Waya wa HDMI umechomeka wapi, juu karibu na USB au chini kwenye kadi?

Kijana_wa_Tabata: Nimeinama na tochi ya simu. Uko juu. Nilichomeka pale mkono ulipofika 🙈

Binti_Fundi: Basi hapo ndipo penyewe. HDMI ya bodi kwenye mashine za enzi hiyo ni toleo la 1.4, kwenye 4K inaishia 30Hz, yaani picha 30 kwa sekunde. Na picha inatoka kwenye prosesa ya Intel, kadi yako ipo ipo tu. Shusha waya kwenye kadi, kisha ingia mipangilio ya kioo uchague 60Hz. Ikigoma tafuta waya wa HDMI wa 18Gbps, si ule uliokuja na king'amuzi.

MzeeWaVyuma: Mimi nimekimbilia pawa saplai, waya hata sikuuwaza. Heshima kwako dada.

Kijana_wa_Tabata: Mrejesho wakuu. 60Hz imekubali, mshale unateleza kama zamani. GTA V naipiga 1080p freshi. EA FC nikajitia kimbelembele nikaweka 4K, kona ikipigwa watu wakijazana golini inaanza kukwama, nimeirudisha. Nikikaa kitandani sioni tofauti, nikisogea ndiyo majina ya mgongoni yana ukungu kidogo. Muuzaji kapiga mara mbili tangu asubuhi, anasema kuna mteja mwingine anaitaka.

MzeeWaVyuma: Mpe huyo mteja.