Amenikatia dampling zangu zote nane kwa mkasi mbele ya watu!!

Mpenda Mchuzi (mwanzisha uzi)

Wakuu sina muda wa salamu ndefu, mkono bado unatetemeka. Nimetoka sasa hivi kwa yule bwana mhudumu wa mgahawa wa Kichina. Msijifanye hamumjui, yule wa pale kwenye taa nyekundu na meza za kuzunguka, anayetembea na mkasi kwenye mfuko wa aproni kama fundi cherehani.

Nimesubiri meza mpaka nikawa najua majina ya watoto wa watu waliokuwa mbele yangu kwenye foleni. Sawa. Nikakalishwa kwenye kiti ambacho kila anayekwenda chooni lazima akipige teke. Sawa. Chai ikaja bila vikombe, vikombe vikaja chai imeshapoa, hiyo nayo nikaiacha ipite, mi sio mtu wa maneno. Nilikuwa nasubiri kitu kimoja tu duniani, kikapu cha xiaolongbao, nane ndani.

Kwa wasiozijua, ni zile dampling ndogo, vifuko vya unga vyenye nyama, za upande wa Shanghai kule China, zenye supu NDANI. Na ile supu haimiminwi na bomba jamani, mtu anachemsha ngozi na mifupa masaa na masaa, mchuzi ukipoa unaganda kama jeli, anaukatakata anauchanganya na nyama, anausukuma unga mwembamba mpaka unakaribia kuona mwanga upande wa pili, anafunga na kufinya mikunjo 18 juu kama mdomo wa kifuko cha kamba. Kikapu kikikaa juu ya mvuke ile jeli inayeyuka, inakuwa supu tena humo humo ndani. Supu ndiyo chakula! Ukiimwaga umebaki na kitambaa kibichi kimefunga kidonge cha nyama.

Sasa sikilizeni. Mfuniko umefunguliwa, mvuke ukanipiga usoni, miwani ikaingia ukungu, nikaivua niifute na shati. Sekunde tano. Nasikia kch. Nikadhani ni meza ya jirani. Kch. Kch. Narudisha miwani usoni, namkuta yule bwana kainama juu ya kikapu CHANGU anazikata vichwa dampling ZANGU moja baada ya nyingine, supu inashuka kwenye mianzi inapotea, yaani nilikuwa naisikia inadondoka kwenye sahani ya chini, to, to, to.

Nikamwambia we bwana unafanya nini! Akanijibu bila hata kusimamisha mkasi, "Nakupoozea, utaungua, nyie hamjui kula hizi." Halafu akamalizia ya nane. Wakuu, ya nane aliikata HUKU ANANIANGALIA MACHONI.

Mimi! Mimi ninayejua kabisa kwamba unaishika pale kwenye kifundo na vijiti, unailaza kwenye kijiko, unaing'ata kitundu kidogo pembeni, unavuta supu taratibu ndo unamalizia na siki nyeusi na nyuzi za tangawizi. Mtoto wa meza ya pili alikuwa anakula zake nzima nzima, hakuguswa. Amepita watu arobaini wote akaona mimi ndo wa kukatiwa.

Tambi zilikuja baadaye, nzuri tu, sina la kusema. Ila kila nikivuta tambi naiona ile ya nane. Bili imekuja nimelipia zote na supu yake iliyobaki kwenye sahani. Na alisimama pale pembeni anasubiri bahshishi, NA MKASI MKONONI.

Hivi nina sura ya mtu asiyejua kula?

Kijiko Kirefu

Weka picha ya sura ndo tujibu.

Bwana Siki

Macho manne yameshindwa kulinda dampling nane 😂😂

Mpenda Mchuzi

Bwana Siki mi silicheki hili. Ungekuwa pale usingecheka, ungelia na mimi.

Mama Wawili

Pole sana kaka yangu, nakuamini maana huyo bwana na huo mkasi wake nawajua. Mimi nilimpeleka baba anatimiza miaka 80, tukaagiza zile tambi za maisha marefu, wanazokula Wachina siku ya kuzaliwa, uzi mmoja unajaza bakuli. Zile HAZIKATWI, ndiyo maana yake yote hiyo, urefu wa tambi ndo umri wenyewe. Mzee kashika ncha anaanza kuvuta kwa raha zake, jamaa katokea nyuma kch kch kch vipande vinne, eti "mzee asije akakabwa."

Kijiko Kirefu

Toba! Mzee yupo?

Mama Wawili

Yupo mzima kabisa ila hajasahau. Kila akipata mafua anamtaja yule bwana.

Bwana Siki

Huyu dada amekushinda mwanzisha uzi, kaa pembeni. We umekatiwa chakula, mwenzio baba yake kakatiwa umri.

Mpenda Mchuzi

Dada pole sana kwa mzee, sana. Lakini mzee hakuangaliwa machoni. Mimi ya nane niliangaliwa machoni.

Fundi Unga

Nimekaa jikoni kwenye hizi kazi miaka mingi ngoja niseme. Jamaa ana makosa, mkasi haukai karibu na xiaolongbao hata siku moja. Ila na nyie wateja mnatuua. Dampling inatoka motoni, badala ya kula mnapiga picha, mnageuza kikapu, mnapiga tena, ngozi inanyonya supu inakakamaa inashika kwenye mianzi, ukiinyanyua inachanika halafu unaita meneja "hazina supu."

Mpenda Mchuzi

SIKUPIGA PICHA. Nilikuwa nafuta miwani!!

Fundi Unga

Sijakutaja mkuu. Na wale wa tambi za kuvuta ndo usiseme, zile za mji wa Lanzhou kule China. Naukanda unga na maji yenye magadi mpaka mabega yanaomba likizo, nauvuta naukunja, navuta nakunja, mara 8 uzi mmoja umekuwa nyuzi 256, bakuli linafika mezani mtu yuko kwenye simu dakika kumi, zimevimba zimeshikana kama kamba ya meli, analalamika "mbona nzito." Bakuli la tambi halimsubiri mtu!

Hajji wa Pili

Mimi langu sio la kucheka. Niliuliza kabla ya kuagiza, hii dampling ndani ina nini, mhudumu akasema mboga. Nikauliza tena, mboga tupu? Mboga tupu. Nimeng'ata nusu ndo jamaa wa meza ya pili ananiambia ndugu yangu hiyo ni nguruwe. Nikamfuata mhudumu, anasema "mboga zimo pia." Nilisukutua mdomo mpaka maji ya bomba yakakosa nguvu. Mtu akikuuliza kilichomo ndani kwa dini yake au kwa afya yake unamjibu ukweli, basi!

Mama Wawili

Hilo ni baya kuliko yote, Hajji. Na inaumiza zaidi maana hizo tambi za Lanzhou zenyewe wanaozipika sana ni Wahui, Waislamu wa huko huko China, za ng'ombe, mtu angeweza kula kwa amani kabisa akielekezwa vizuri.

Hajji wa Pili

Ndiyo nilichokula siku nyingine dada, mchuzi mweupe unaona chini ya bakuli, figili nyeupe, mafuta ya pilipili juu, giligilani, na tambi za njano. Nikasamehe nusu. Ile nusu nyingine bado.

Mpenda Mchuzi

Hajji nakuelewa. Lakini wakuu hamjanijibu, kwa nini ya nane? Nilishapiga kelele kwenye ya tano. Angeacha tatu tu.

Kijiko Kirefu

Huenda hakupenda ibaki peke yake.

Mgeni Mwalikwa

Nyie mnalalamikia mhudumu, mi nina shemeji. Tukikaa meza ya kuzunguka anazungusha mtu akiwa bado ananyanyua. Juzi nimeshika jiaozi, ile dampling ya umbo la mwezi mchanga, ya mwisho na vijiti, haijaachia sahani bado, kazungusha, vijiti vimebaki na mimi, jiaozi imekwenda mpaka mbele yake. AKAILA.

Bwana Siki

Sasa huo ndo ujambazi.

Fundi Unga

Aliila na siki au kavu?

Mgeni Mwalikwa

Na siki yangu! Kibakuli changu cha siki nacho nilikiweka juu ya kile kisahani cha kuzunguka, kikaenda nayo.

Mama Wawili

Kibakuli chako unakiweka mbele yako mwenyewe, hakipandi kwenye ya kuzunguka hata kidogo. Hapo na wewe ulimrahisishia.

Mpenda Mchuzi

Jamani uzi ni wa mkasi.

Mgeni Mwalikwa

Dada nafasi haikuwepo, shemeji alikuwa na mabakuli matatu! Huyu mtu anaagiza tambi, anaagiza guotie zile dampling za kukaanga, anaagiza supu, halafu anasema "mi sina njaa sana nitaonja zenu."

Kijiko Kirefu

Aaah huyo wa "nitaonja zenu" ninaye nyumbani. Ngoja niwape kisa chake cha jana.