Naomba ushauri: xv6 inakufa kwenye SPARCstation 5 kila nikiweka jedwali langu la mitego

Mwenye uzi, Kampala

Ndugu zangu, habari za usiku. Nina SPARCstation 5, mashine ya Sun ya mwaka 1994, niliyoinunua kwa muuza vyuma chakavu kule Katwe. Nataka iendeshe xv6, ule mfumo mdogo wa kufundishia wa MIT. Mfumo huo uliandikwa kwa prosesa za x86, siku hizi uko kwenye zile za RISC-V. SPARC, aina ya prosesa iliyomo kwenye mashine hii, sijawahi kuigusa maishani. Kibodi nimeichomoa ili mashine izungumze na laptopu yangu kwa mlango wa siriali, kasi 9600.

Kufika hapa nimetoka jasho. Betri iliyomo ndani ya chipu ya NVRAM (inayotunza mipangilio mashine ikizimwa) ilikuwa imekufa, anwani ya mtandao ikawa ff tupu, na boot net (amri ya kuwasha mashine kupitia mtandao) ikagoma. Nikaiandika upya kwa amri ya mkp. Hapo RARP (njia ya mashine kuuliza anwani yake ya IP) ikajibu, mashine ikaomba kwa TFTP (njia nyepesi ya kupakua faili) faili C0A8010A.SUN4M, yaani 192.168.1.10 kwa hesabu ya kumi na sita, keneli, yaani kiini cha mfumo, ikashuka. Herufi ya kwanza ilipotokea, machozi yalinilenga.

Shida ni hii. Nikiweka anwani ya jedwali langu la mitego (orodha ya mahali prosesa inaporukia likitokea jambo la kuikatiza) kwenye TBR (rejista, yaani kihifadhi kidogo ndani ya prosesa, inayoshika anwani hiyo), mistari michache inachapwa vizuri, halafu inapoanza kuandaa kumbukumbu naona "Watchdog Reset" na kurudishwa kwenye ok, alama ya PROM (programu ya kuwashia iliyomo ndani ya mashine). Nisipoliweka, haifi. Hii ni wiki ya tatu. Nikaze moyo, au nirudi RISC-V kama rafiki zangu wanavyonihimiza?

Fundi wa Jinja

Kaka, usirudi popote bado. Nihesabie kitu kimoja: hadi pale inapofia, ni fanksheni ngapi zimeitana, moja ndani ya nyingine?

Mwenye uzi

Nimefuatilia kwa kalamu na karatasi. Ni saba. Nimejaribu njia nyingine kabisa ndani ya keneli, nayo imefia kwenye ya saba.

Fundi wa Jinja

Basi tumempata. Prosesa yako, microSPARC II, ina madirisha 8 ya rejista, yaani mafungu ambayo fanksheni hupokezana. Kila fanksheni inapoitwa, agizo la save linasogea dirisha moja, na moja kati ya hayo 8 limefungwa kwenye rejista ya WIM. Ukiligusa hilo lililofungwa, unapigwa mtego namba 5. Kila ingizo la jedwali ni maagizo 4, baiti 16, kwa hiyo prosesa inaruka hadi baiti ya 80 ya jedwali lako. Umeweka nini pale?

Nina hakika ni sifuri. Sifuri kwa SPARC ni agizo batili, nalo ni mtego mwingine. Mtego wa pili ukija wakati mitego imezimwa, prosesa inajifunga, na mashine inajiwasha upya. Ndiyo "Watchdog Reset" yako. Ulipokuwa unatumia jedwali la PROM, yenyewe ilikuwa inakufanyia kazi hiyo kimyakimya.

Andika kishughulikizi: zungusha WIM kulia nafasi moja, ingia kwenye dirisha la zamani zaidi, mwaga rejista zake 16 kwenye staki yake (kumbukumbu ya muda ya fanksheni), rudi. Cha namba 6 ni kinyume chake. Na baada ya kila kuandika WIM au PSR (rejista ya hali ya prosesa) weka nop (agizo lisilofanya kitu) tatu, kwa sababu badiliko linaruhusiwa kuchelewa hadi maagizo matatu.

Kijana wa Tororo

Jaribu kwanza kwenye QEMU, programu ya kuiga mashine; qemu-system-sparc yake huiga SPARCstation 5. Umeme ukikatika unaendelea na betri ya laptopu, na gdb, chombo cha kutafuta makosa, inakuonyesha agizo lenyewe linaloua.

Fundi wa Jinja

Sawa kabisa, ila zile nop hata ukizisahau QEMU haitakulaumu. Chuma halisi ndicho kitakachokulaumu.

Mwalimu wa Arua

Mwanangu, naongeza moja. Kwenye faili lako la kuanzia, sp (rejista inayoonyesha ilipo staki) umeielekeza wapi? Kama ni kileleni kabisa mwa staki, zile baiti 64 za dirisha zitamwagwa juu yake, kwenye data ya mtu mwingine. Ishushe baiti 96 kabla ya kuita main, na anwani igawanyike kwa 8. Kosa hilo lilinila mwezi mzima, maana haliui papo hapo, linaharibu kigezo fulani utakachokikuta kibovu baadaye.

Mwenye uzi

Mwalimu, sp ilikuwa kileleni kabisa. Fundi, baiti ya 80 ilikuwa sifuri. Nimerekebisha yote, usiku huu keneli imevuka kuandaa kumbukumbu na kufika kwenye mfumo wa faili. Sijui niwashukuruje.

Sasa inalalamika kwamba picha ya diski ni batili. Dereva ya SCSI, ya kuongea na diski, sijaandika, picha nimeibandika ndani ya keneli yenyewe. Namba ya utambulisho ilipaswa kuwa 0x10203040, mimi nasoma 0x40302010.

Mwalimu wa Arua

Hiyo ni furaha, si shida! SPARC inaweka baiti kubwa mbele, laptopu yako inaweka ndogo. Keneli usiiguse. Fungua mkfs, programu inayotengeneza picha ya diski, utaziona fanksheni xint na xshort, ndizo zinazopanga baiti kabla ya kuandika. Geuza mpangilio pale, tengeneza picha upya, kisha utuletee matokeo hapa.

Mwenye uzi

Nimegeuza. Kwenye skrini kuna alama ya $ na inasubiri niandike. Nimeandika ls, na majina ya faili yote yametoka sawa.