Goku, Gon au Reiner: kugeuka kupi kwenye anime kulikugusa zaidi?

Mwana_Namek

Wakuu, habari za jioni. Wiki nzima nimekuwa na ubishi na mpwa wangu, nikaona niulete hapa kwa wanaojua. Katika matukio yote ya mhusika kugeuka (nywele, mwili, nguvu, vyote), lipi limesimama kuliko mengine? Natoa tahadhari mapema: nitataja nani anakufa na nani anamsaliti nani. Ambaye hajamaliza Hunter x Hunter au Attack on Titan aende kwanza akamalize.

Nimechuja nikabaki na matatu.

Goku kwenye sayari ya Namek, Dragon Ball Z, episodi ya 95, mwaka 1991. Freeza, adui mkuu, ameshamwangusha Piccolo, mwenzake Goku, sasa anamnyanyua Krillin hewani na kumlipua mbele ya rafiki yake. Krillin alishawahi kufa akafufuliwa na joka la Dunia, na joka lile halimfufui mtu mara mbili. Goku analijua hilo. Nywele zake hazigeuki kwa mkupuo: zinawaka dhahabu, zinarudi nyeusi, zinawaka tena, kama umeme unaokatika na kurudi. Halafu anamwambia mwanawe Gohan amchukue Piccolo waondoke wakati yeye bado ana akili zake. Mimi maneno hayo ndiyo yaliyonitisha, kuliko nywele.

Reiner juu ya Ukuta Rose, moja ya kuta zinazowakinga watu dhidi ya majitu, Attack on Titan, msimu wa pili, episodi ya 6, mwaka 2017. Hapa hakuna kelele. Wenzao wanashughulika na majeruhi, na Reiner, mkono ukiwa umefungwa, anamwambia askari mwenzake Eren kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi kwamba yeye ndiye Jitu la Deraya na Bertholdt ndiye lile Jitu Kubwa lililovunja ukuta. Kwenye manga (katuni ya kitabuni) maneno hayo yamewekwa kama soga za pembeni, unaweza kuyapita bila kushtuka, na waliotengeneza anime waliliheshimu hilo. Eren anajaribu kumpa njia ya kutokea, anamwambia umechoka wewe. Kisha Mikasa, mwenzake Eren, anawarukia na panga zake na muziki wa Hiroyuki Sawano unafunguka.

Gon mbele ya adui yake Pitou, Hunter x Hunter toleo la 2011, episodi ya 131, ilirushwa 2014. Mtoto ameambiwa Kite, mwalimu wake aliyeuawa na Pitou, hawezi kurudi. Anafunga nadhiri na Nen (nguvu ya ndani ya mwili) yake mwenyewe: nguvu zote ambazo angezikusanya maisha yake yote azipate sasa hivi, hata kama baada ya hapo hatabaki na kitu. Mwili unarefuka, misuli inajaa, nywele zinapanda mpaka zinatoka nje ya picha.

Mimi nampa Gon, na kigezo changu ni gharama. Gharama ya Goku aliilipa Krillin, na nguvu zikabaki kwa Goku. Miaka michache baadaye Goten na Trunks, watoto wadogo kabisa, wanageuka Super Saiyan, hali hiyohiyo ya nywele za dhahabu, wakicheza. Gon alilipa mwenyewe, kwa umri wake. Mpwa wangu ana miaka kumi. Alipoona lile jitu limesimama pale ambapo Gon alikuwa amepiga magoti, aliniuliza: "Mjomba, atarudi kuwa mtoto?" Nilishindwa kumjibu.

Haya, nipingeni.

Kanda_za_Bukavu

Mkuu nakupinga kwa heshima. Mimi nilikulia Bukavu, na Dragon Ball tuliiona kwa Kifaransa kwenye kanda za video, kumi na watano tumebanana kwenye mkeka. Wadogo hawakujua Kifaransa. Krillin alipolipuka hakuna aliyeuliza kinachoendelea, na Goku alipoinamisha kichwa, mawe yakaanza kupanda yenyewe kutoka ardhini, chumba kizima kilinyamaza. Tukio linaloeleweka bila lugha lina daraja lake.

Halafu hiyo hoja ya Goten na Trunks unamtwika Goku mzigo usio wake. Yaliyokuja baadaye hayafuti usiku ule wa kwanza. Kumbukeni hakukuwa na kitu cha kulinganisha. Leo kila kijana akikasirika nywele zinabadilika rangi. Kaneki wa Tokyo Ghoul amekuwa na nywele nyeupe mwaka 2014, Naruto akavishwa chakra ya mbweha, na wote mlango huo waliufunguliwa na Goku.

Jambo jingine ninalolipenda: marehemu Toriyama, mchoraji wa Dragon Ball, alieleza kwamba nywele za Super Saiyan zilimpunguzia kazi. Goku akiwa wa kawaida, msaidizi wake alitumia muda mwingi kuzijaza nywele wino mweusi. Zikiwa za dhahabu, kwenye karatasi unaziacha nyeupe. Alama inayojulikana dunia nzima ilizaliwa na mikono iliyochoka. Tangu afariki Machi 2024, kila nikiiona manga ile naangalia weupe ule kwanza.

Fundi_Fremu

Nichangie upande wa utengenezaji, maana huko ndiko ninakoshinda.

Mnaposifu Namek mkumbuke ule urefu wake haukuwa wa sanaa peke yake. Anime ilikuwa inaifuata manga kwa karibu mno, ikabidi ivute muda. Freeza anasema sayari italipuka baada ya dakika tano, na dakika hizo zinakula karibu episodi kumi. Kwa hiyo kuwaka na kuzimika kwa nywele za Goku kuna fundi anayebana matumizi ndani yake. Lakini safari hii ufinyu ulisaidia. Tungeonyeshwa kwa sekunde tano tusingeyahisi.

Mkitaka kuona kinyume chake, tafuteni Akira, filamu ya mwaka 1988. Tetsuo uwanjani, uwanja wa Olimpiki unaojengwa Neo-Tokyo, mkono wake wa vyuma chakavu unaanza kukua bila amri yake. Nyama inafurika, inameza kiti cha enzi, inammeza Kaori, mpenzi wake, ndani yake, na yule kijana mwenye kiburi anaanza kumwita rafiki yake Kaneda amsaidie. Filamu nzima ilichorwa kwenye karatasi angavu za seluloidi zaidi ya 160,000, zikapakwa rangi kwa mkono. Hakuna fremu ya kuazima pale. Uvimbe unaouona ukitembea chini ya ngozi, mtu aliuchora, akachora unaofuata, na unaofuata.

Kwangu hiyo ndiyo namba moja. Kwingine kote kugeuka kunampa mtu nguvu. Tetsuo nguvu alikuwa nazo tayari, ndizo zilizomgeuza.

Usagi_wa_Makorora

Kaka zangu, nyuzi hizi kila mara zinawasahau wasichana. Kabla hamjafika kwa Goku kulikuwa na Cutie Honey mwaka 1973, na kabla yake Akko-chan na kioo chake mwaka 1969. Mila ya mhusika kutamka neno na kugeuka mbele ya macho yako haikuanzia kwa Wasaiyan, watu wa kabila la Goku.

Mimi naleta Sailor Moon, 1992. Fundi_Fremu atasema ni fremu za akiba, zilezile zinarudiwa kila wiki ili kuokoa fedha na muda. Ni kweli. Lakini mtoto aliyekaa mbele ya runinga hakuona kubana matumizi, aliona ada, kama vile kuvaa sare asubuhi. Broshi inafunguka, riboni zinatoka na kumzunguka, glavu, viatu, hereni, taji kwenye paji la uso. Usagi, ambaye ndiye Sailor Moon, ni mtoto mwoga, mlizi, anafeli mitihani, na kila wiki anakubali tena. Goku aligeuka kwa sababu alikasirika. Usagi anageuka hata siku ambayo hataki kabisa, kwa sababu kuna mtu anahitaji msaada.

Na kwa mwenye uzi: sauti ya Gon katika toleo la 2011 ni ya Megumi Han. Mama yake ni Keiko Han, aliyekuwa sauti ya paka Luna, yule anayempa Usagi ile broshi. Mama alimgeuza Usagi, binti akageuka Gon.

Fundi_Fremu

Dada, hilo la mama na binti sikulijua. Asante sana.

Pwani_Gia5

Mbona hakuna anayemtaja Luffy wa One Piece? Episodi ya 1071, tarehe 6 Agosti 2023. Ameanguka, adui yake Kaido ameshatangaza ushindi, na moyo uliosimama unaanza kudunda kama ngoma. Mimi ni mtu wa Mombasa, ngoma naijua. Nilijikuta nagonga meza kwa mapigo yale kabla sijajua ninachofanya, na mke wangu akaja kuangalia kuna nini.

Hoja yangu ni hii. Wote mliowataja wanageuka kwa hasira, kwa uchungu au kwa hofu. Luffy anageuka akicheka. Macho yanamtoka kama katuni za zamani, anaikamata radi mkononi, ardhi inakuwa mpira. Ni kugeuka kwa furaha, na baada ya episodi elfu moja na zaidi za kumuona akisema anachotaka ni uhuru tu, mwili wake unakuwa huo uhuru.

Na ukitaka uunganishe uzi wote: Luffy anaigizwa sauti na Mayumi Tanaka, ambaye ndiye sauti ya Krillin. Aliyelipuliwa Namek ili Goku ageuke ndiye anayecheka kwenye pambano la Kaido kule Onigashima.

Kanda_za_Bukavu

Huyu wa mwisho amenimaliza. Miaka thelathini na miwili baadaye na yeye akapata zamu yake.

Dada_wa_Alkemia

Nimesoma yote nikasita kuandika, kwa sababu langu halimpi mtu raha. Fullmetal Alchemist: Brotherhood, 2009, episodi ya 4. Nina na mbwa wake Alexander.

Mwana_Namek amesema kigezo ni gharama. Basi tuulize gharama inalipwa na nani. Shou Tucker anaogopa kunyang'anywa leseni yake ya ualkemia, anaingia chumbani na binti yake na mbwa, na anatoka na kiumbe kinachosema. Kugeuka kwenyewe hatukuonyeshwa. Hakuna mwanga, hakuna muziki wa kupanda, mlango ulikuwa umefungwa. Tunachopewa ni Edward, mhusika mkuu, aliyepiga magoti mbele ya mnyama mwenye nywele ndefu, na mnyama analirudia jina lake polepole, kisha anamwita kaka. Edward anauliza tu maswali. Leseni uliipata lini? Miaka miwili iliyopita. Mkeo aliondoka lini? Miaka miwili iliyopita. Nina na Alexander wako wapi?

Nilikuwa namsuka binti yangu nywele tulipoiangalia pamoja. Mikono ilisimama. Nywele za Nina zilikuwa za kusukwa mikia miwili, na yule mnyama ana mkunjo uleule wa nywele unaoning'inia mgongoni.

Mwana_Namek

Dada, umeniweka pagumu. Nakubali lina uzito kuliko yote matatu niliyoleta. Lakini Nina hakugeuka, aligeuzwa. Tukiyaweka kwenye kapu moja tutamkosea yeye, kwa sababu wengine wote hapa, hata Tetsuo mwanzoni, walishika kitu wakakivuta. Yeye hakushika kitu.

Ambacho hoja yako imenifanyia ni kumwangalia Reiner upya. Nilimweka pale kwa sababu ya ule utulivu. Sasa naona Reiner ni vyote viwili kwa mpigo. Aligeuzwa akiwa mtoto, na watu wazima waliompa jitu lile wakampeleka vitani. Akaishi na adui miaka mingi mpaka akajiona ni askari wao wa kweli. Siku ile juu ya ukuta haamui kushambulia. Anachofanya ni kushindwa kuendelea kuwa watu wawili. Ndiyo maana anaongea vile, kama mtu aliyechoka anayetua mzigo. Nampandisha, anakaa sawa na Gon.

Gear 5, huko kugeuka kwa Luffy, nimeielewa zaidi leo kuliko nilipoiangalia. Bado siiweki juu, ila Pwani_Gia5 kanifungua macho kwenye lile la kicheko.

Kipanga_Mtulivu

Nimekuwa nikisoma tu. Mnamjadili Gon kwa nywele na urefu wake, na hamjataja mkono.

Rudini nyuma. Pitou alipotokea mara ya kwanza, Kite alikuwa na Gon na rafiki yake Killua, na kitu cha kwanza Kite alichopoteza ni mkono, akiwalinda wale watoto wawili. Gon alibeba hilo safari yote. Sasa episodi ya 131: Pitou ameshakufa, lakini maiti yake inainuka kwa Nen na kumrukia. Killua anawahi kumsukuma Gon, na mkono wa kulia wa Gon unakatika. Badala ya kulia, Gon anasema haumi, na kwamba hatimaye yuko sawa na Kite alivyokuwa siku ile. Halafu anautumia mkono wake mwenyewe uliokatika kuichoma ile maiti chini.

Mimi nilizima simu hapo. Yale marefu na yale manywele yalikuwa yameshapita. Kugeuka kwenyewe nilikuona kwenye ile sentensi, kwa sura ya mtoto anayefarijika, na Killua amesimama anaisikia.

Mwana_Namek

Mpwa wangu alikuwa ameshalala ilipofika hapo. Kesho anataka tuendelee pale tulipoishia, na nimeanza kufikiria kama nimwachie.